Redio ya gari ya mamangu iliingia giza, kumbe ni balbu mbili tu

Mamangu anauza mboga Kahawa West, na siku nne kwa wiki anatoka nyumbani kabla saa kumi alfajiri anashuka Thika Road mpaka Marikiti, ile soko ya Wakulima pale Haile Selassie. Gari yake ni stesheni wagoni ya Kijapani, namba ya KAQ, viti vya nyuma vilitolewa zamani ili magunia yaingie. Ndani iko na redio ile ile iliyokuja nayo kutoka Japani, ile pana yenye kaseti juu na CD chini, na kwa kioo cha hiyo redio ndio kuna saa. Mum havai saa ya mkono, simu naye anaifunga kwa leso kiunoni kwa sababu kutoa simu ukiwa umesimama Ngara na dirisha liko wazi ni kuitafutia mwenyewe mwingine, kwa hivyo akitaka kujua kama amechelewa anaangalia redio. Kioo kikiandika 4:10 yeye anasoma saa kumi na dakika kumi, na anajua akifika Marikiti baada ya saa kumi na moja sukuma nzuri zote zimeshaenda.

Mwezi wa saba, baridi kali, akanipigia mchana. "Redio yangu imekuwa kipofu, lakini mdomo bado uko." Alimaanisha inaongea vizuri, stesheni zinashika, sauti iko, lakini kioo ni giza tupu. Usiku haoni saa, haoni stesheni, anabonyeza vitufe kwa kubahatisha.

Nataka kueleza hiki kisa chote kuanzia mwanzo mpaka mwisho kwa sababu watu wengi hapa Nairobi wameng'oa redio nzuri kabisa wakatupa kwa shida ya namna hii, na nikikumbuka vile mum alikaribia kufanya hivyo hivyo roho inaniuma.

Kabla anipigie alikuwa amepitia kwa fundi mmoja wa waya huko Kirinyaga Road. Fundi akawasha, akaangalia, akamwambia display imekufa, hiyo haitengenezwi, mama nunua redio ya Android, nitakuwekea kwa 11,500 na kamera ya nyuma juu. Sisemi huyo fundi ni mwongo. Kazi yake ni kufunga redio mpya, anafunga kadhaa kwa siku, na kufungua redio ya zamani ikuchukue masaa matatu halafu mteja akulipe mia tano si biashara, hata mimi ningekuwa yeye labda ningesema hivyo. Lakini kile alichosema si kweli. Display haikuwa imekufa, na kujua hivyo kulihitaji tochi ya simu na sekunde kumi.

Kioo cha redio ya aina hii, LCD, hakitoi mwanga wake. Chenyewe ni kama pazia tu, kinafungua mahali pengine na kuziba pengine ili namba zitokee, na mwanga unatoka nyuma yake kwa taa ndogo ambazo ni kitu kingine kabisa. Kwa hivyo kioo kikiingia giza swali la kwanza ni moja, je pazia bado linafanya kazi? Jioni nilienda Kahawa, nikakaa kwa kiti cha dereva, nikawasha redio, halafu nikaelekeza tochi kwa kioo kutoka pembeni, si moja kwa moja kwa sababu inarudisha mwanga machoni, ni kwa kuinamisha. Namba zilikuwa pale zote. Hafifu, lakini 7:42 kamili, na alama ya FM. Nikamwita mum aone. Akaangalia kwa muda halafu akasema, "Kumbe hawa wako ndani wamezimiwa taa."

Ndio hivyo hasa.

Sasa giza la nyuma ya kioo linaweza kuletwa na vitu kadhaa, na hapo ndipo mtu anafaa kutulia kidogo kabla ashike bisibisi. Kuna fyuzi. Kuna ile gurudumu ndogo ya kupunguza mwanga wa dashibodi, mtoto akiichezea ikashuka chini kabisa utadhani kila kitu kimeungua. Na kuna balbu zenyewe. Nikawasha taa za gari, vitufe vya redio vikawaka kijani kama kawaida na spidomita ikawaka, basi fyuzi iko sawa na gurudumu liko sawa. Halafu nikamuuliza mum swali ambalo ndilo lilinipa jibu: hiki kioo kilizima chote mara moja ama kidogo kidogo? Akafikiria, akasema hapana, upande wa kulia ulianza kuwa na kivuli tangu mwaka jana, wakati wa mvua fupi, lakini saa inatokea upande wa kushoto kwa hivyo hakujali. Halafu juzi na wa kushoto ukaenda.

Hiyo ilitosha. Nyuma ya kioo kulikuwa na balbu mbili, moja kila upande, na kila moja iko na njia yake ya stima. Zingekuwa zimefungwa mfululizo, stima ikipita ya kwanza ndio ifike ya pili, ya kwanza ikiungua zote zingezima siku moja. Moja ilikufa Novemba, mwenzake akabeba kazi peke yake miezi minane, na kwa vile zilizaliwa siku moja na zimefanya masaa sawa, haishangazi kwamba zimefuatana.

Gari imekuwa barabarani zaidi ya miaka ishirini, na balbu hizi ni zile za waya ndani ya glasi, ndogo kuliko punje ya mahindi. Ule waya wa tangsteni unapowaka unapungua polepole, chuma inapeperuka kidogo kidogo na kujipaka kwa glasi, ndio maana balbu ya zamani inakuwa nyeusi ndani. Siku moja mahali pamoja panakuwa pembamba sana na panakatika. Hakuna mtu wa kulaumiwa.

Jumamosi nikaanza kazi. Kitu cha kwanza ni kutoa kichwa cha hasi cha betri, spana ya namba 10, na ukumbuke kama redio yako ni ya kuitisha namba ya siri stima ikikatika uwe nayo mkononi kabla hujagusa hiyo spana. Hii ya mum haikuwa ya namba ya siri. Ile fremu ya plastiki inayozunguka redio imeshikwa na vibanio tu, hakuna skrubu, na watu wengi wanaivunja kwa kuingiza bisibisi ya chuma. Nilitumia mwiko. Mwiko wa mum wa ugali, ule uliochakaa ukabaki mwembamba mbele, nikauzungushia kitambaa, nikauingiza chini ya fremu nikaenda nikiinua pole pole kuanzia chini, na kila kibanio kikiachia unasikia mlio mmoja mdogo. Plastiki ya miaka ishirini iliyopigwa na jua ni kama chapati iliyolala, ukiikunja inakatika. Ilikuwa saa sita mchana, jua limepasha dashibodi kidogo, na hilo linasaidia sana, asubuhi ya baridi usijaribu.

Baada ya fremu ni skrubu nne, mbili kila upande, redio inateleza nje. Nyuma yake kuna soketi kubwa ya waya, kuna waya ya eriali, na katikati ya eriali na redio kuna kile kijisanduku kidogo cha kubadilisha FM. Kama hukijui: redio za zamani za Japani zinaanzia 76 zinaishia 90, na stesheni zetu ziko 87.5 mpaka 108, kwa hivyo huwa tunafungiwa hicho kijisanduku kinachoshusha mawimbi. Cha mum kinashusha 20. Radio Citizen ni 106.7 lakini kwa kioo chake inaandika 86.7, na yeye ameshazoea, ukimuuliza Citizen iko wapi anakwambia 86.7 bila kufikiri. Nikapiga picha kwa simu kila waya ulipoingia kabla sijachomoa. Hiyo picha ilikuja kunifaa.

Redio nikaiweka kwa meza ya jikoni juu ya taulo. Vishikio vya sauti na vya kutafuta stesheni vinatoka kwa kuvutwa tu. Uso wa mbele umeshikwa na skrubu mbili na vibanio sita pembeni, na ukitoka usivute kwa nguvu kwa sababu umeunganishwa na mwili kwa riboni nyembamba ya waya, hii yangu ilikuwa na soketi inachomoka, nyingine huwa imelehemiwa. Nyuma ya uso kuna bodi ya kijani, ukigeuza unaona kioo kimekaa ndani ya fremu nyeupe, na pembeni mwa fremu, kushoto na kulia, kuna vishimo viwili. Ndani ya kila kimoja imelala balbu imevalishwa kofia ya raba ya kijani.

Niliitoa ile ya kulia kwanza. Kofia ilikuwa imekauka ikashikana na glasi, nikaichua kati ya vidole kama unavyomenya njugu iliyochemshwa mpaka ikaachia nzima. Nilitaka itoke nzima kwa sababu hiyo kofia ndiyo rangi. Balbu yenyewe inatoa mwanga wa manjano, kofia ndiyo inaufanya kijani ufanane na vitufe, ukiitupa utapata kioo cha manjano katikati ya vitufe vya kijani. Glasi ilikuwa nyeusi upande mmoja kama imepitishwa kwa moshi wa koroboi. Mita ya kupimia stima ikasema njia imekatika. Ya kushoto hivyo hivyo.

Hapa nilifanya kosa la haraka. Nilitoa balbu, nikaweka mfukoni, nikapanda matatu hadi taoni, Luthuli Avenue, kwa duka la vipuri vya elektroniki, nikaweka balbu kwa kaunta. Kijana wa duka akaiangalia akaniuliza, "Boss, hii ni ya volti ngapi?" Sikuwa najua. Balbu haijaandikwa kitu. Nikasema si ni gari, ni kumi na mbili. Akanijibu kwa upole kwamba kuna redio zinapeleka sita, zingine tisa, zingine zinapeleka stima yote ya betri, pima kwanza ndio nikuuzie kitu itafanya kazi. Alikuwa sawa kabisa na ningekuwa nimepima kabla kutoka nyumbani. Sikununua balbu siku hiyo. Nikanunua tu waya ya risasi ya kulehemu, na kwa sababu tulikuwa tumeongea akanishauri nijaribu LED, vile vitaa vidogo visivyo na waya wa kuwaka ndani, haziungui upesi, nikachukua nne nyeupe za milimita tatu na rezista za omu 560, vile vijitu vya kubana stima, na omu ndio kipimo cha vile zinabana.

Jioni nikarudisha redio kwa gari ikiwa wazi hivyo hivyo, nikatandika taulo kwa kiti ili chuma isiguse chuma, nikaunganisha soketi, nikarudisha betri na kupima pale balbu zilikuwa zimelehemiwa. Injini imezimwa: volti 12.3. Injini inanguruma: 13.9. Halafu nikawasha taa za gari na mita ikashuka mpaka 10.6. Nikazima, ikapanda. Nikawasha, ikashuka. Yaani redio yenyewe inajua usiku umeingia na inapunguza mwanga wa kioo, lakini inapunguza kwa kushusha volti. Kwa wakati huo niliona ni kitu kizuri tu nikaandika kwa karatasi. Sikujua kwamba hizo namba tatu ndizo zingeamua kisa chote.

LED nilizifunga usiku huo. Hesabu yake ni rahisi: LED nyeupe inajichukulia karibu volti 3.2, zinazobaki kwa 13.9 ni 10.7, gawanya kwa omu 560 unapata miliampea 19, yaani kiasi cha stima inayopita, na ishirini ndio kiwango cha kawaida cha hizo LED ndogo, kwa hivyo ilikuwa ndani. Mguu mrefu ni chanya. Moja niliigeuza, haikuwaka, nikaitoa nikaigeuza tena, LED si kama balbu, yenyewe inakubali stima ya upande mmoja tu. Nikavalisha zile kofia za kijani, nikawasha, zikawaka, nikafurahi sana, nikafunga kila kitu.

Mum aliendesha siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, "Hii taa yako inanidunga macho."

Alfajiri ya nne nikaenda naye nione. Kweli. Kwa kioo kulikuwa na madoa mawili makali kushoto na kulia kama macho ya paka, katikati giza, ile nukta kati ya saa na dakika huioni. Na gizani, pale kabla ya Githurai ambapo taa za barabara hazikuwa zinawaka siku hiyo, yale madoa mawili yalikuwa yanarudi kwa kioo cha mbele cha gari. Mtu anaendesha saa kumi usiku, malori ya mchanga yanapita, halafu redio inamumulika. Nilisikia vibaya, kwa sababu nilikuwa nimechukua kitu kilichokuwa kinamsaidia nikakifanya kimsumbue.

Nilikaa nikaangalia zile namba tatu kwa karatasi, na ndio nikaelewa. Madoa ni rahisi kuelezea: balbu ya waya inatupa mwanga pande zote, ile fremu nyeupe ilichorwa ipokee mwanga wa namna hiyo na kuusambaza, lakini LED ya kichwa cha mviringo inarusha mwanga mbele kama tochi. Ukisugua kichwa chake na msasa laini mpaka kiwe na ukungu inasaidia, nilisugua, madoa yakapungua lakini hayakuisha. Shida kubwa ilikuwa ule mwanga wa usiku. Balbu ya waya ukiishusha volti kutoka 13.9 hadi 10.6 mwanga wake hauanguki robo, unaanguka zaidi ya nusu, inabaki karibu asilimia arobaini, kwa sababu waya ukipoa kidogo mwanga unapotea haraka kuliko stima. LED haiko hivyo. Kwa 10.6 yangu ilikuwa bado inapata miliampea 13 kati ya zile 19, karibu asilimia sabini, na jicho la binadamu halioni hiyo tofauti sana. Wale waliotengeneza redio walipanga usiku wakitegemea tabia ya balbu. Mimi nilitoa balbu na kuacha mpango wao.

Najua kuna mtu atasema ongeza rezista. Nilijaribu, omu 1500, usiku ikawa nzuri, mchana ikawa huwezi kusoma kitu. Ungeweza kuendelea hivyo, kutafuta LED za kichwa bapa, kuweka nne badala ya mbili, na kwa redio nyingine hiyo ndiyo njia nzuri hasa kama kioo ni kidogo na hakina mambo ya kupunguza mwanga. Kwa hii, kitu cha maana kilikuwa kurudisha balbu.

Nikarudi Luthuli nikiwa na volti zangu. Yule kijana akanipa balbu za volti 12, miliampea 60, zenye miguu ya waya, bob 40 moja, nikachukua sita. Akanionyesha kuzipima hapo hapo: mita ikasoma omu 17, na ukifanya hesabu ya volti 12 kwa miliampea 60 unapata omu 200, kwa hivyo nilidhani mita ni mbovu. Si mbovu. Waya ukiwa baridi unapitisha stima kwa urahisi sana, ukiwaka ndio upinzani unapanda zaidi ya mara kumi. Ukiona omu kumi na kitu kwa balbu baridi hiyo ni nzima, ukiona hakuna kitu imekatika.

Lakini balbu ya volti 12 kwa gari inayopeleka 13.9 haidumu, na hiki ni kitu watu wanafaa kujua. Maisha ya balbu ya waya yanapungua kwa kasi ya kutisha volti ikizidi, kanuni inayotumika ni kupandisha ule uwiano kwa kipeo cha kumi na mbili. Ukigawanya 13.9 kwa 12 ni kitu kidogo, 1.16, unaona kama si kitu. Kizidishe kwa chenyewe, 1.16 kumi na mbili zikizidishana, unapata karibu sita. Yaani balbu ambayo ingeishi miaka sita inaishi mmoja, na mimi sikuwa tayari kufungua hiyo dashibodi kila mwaka, vile vibanio vya plastiki havina maisha hayo.

Dawa ni bob tano. Rezista moja ya omu 33, robo wati, mistari ya chungwa, chungwa, nyeusi, unailehemu mfululizo na balbu, kila balbu na yake. Miliampea 60 zikipita kwa omu 33 zinaacha volti mbili hapo, balbu inapata 11.9 mchana injini ikiwa inaenda, ambayo ni kama ilivyotengenezwa. Joto lake ni wati 0.12, rezista inalimudu. Wasiwasi wangu ulikuwa usiku, kwa sababu 10.6 ukitoa hizo inabaki kama tisa, nikaogopa itakuwa hafifu sana. Nikawasha kwanza kabla ya kufunga, nikamwita mum akae ndani na taa ya nje imezimwa. Akasema hiyo ndiyo ilikuwa inafanana na ya zamani, ile ya zamani za kwanza kabisa.

Kulehemu kwenyewe sina mengi. Chuma iwe na ncha nyembamba, usikae kwa bodi zaidi ya sekunde tatu, na kioo kikae mbali na moto kwa sababu ile karatasi ya mbele ya LCD ikipata joto inaacha alama haitoki. Usiguse kioo na vidole kwa ndani, alama ya kidole ikimulikwa kutoka nyuma inaonekana kama ramani. Miguu ya balbu nilivalisha mpira mwembamba isigusane. Kofia za kijani zikarudi mahali pake, moja ilikuwa imepasuka kidogo nikaiweka upande wa kulia, ambapo hakuna saa.

Nikafunga kila kitu, nikawasha, kioo kikawaka kijani sawasawa toka upande hadi upande. Nikabonyeza Citizen, 86.7. Kimya. Kelele tu kama mvua kwa mabati. Nikabonyeza stesheni zote sita za mum, hakuna hata moja, halafu nikazungusha polepole na ikashika moja tu, pale 89.5, safi kabisa, hakuna ingine. Nilihisi tumbo limepoa, nikadhani nimeunguza kitu kwa bodi. Nikazima, nikatoka nje ya gari, nikanywa chai kwanza.

Jibu lilikuwa ndani ya hiyo hiyo stesheni moja. 89.5 ni namba yake ya kweli hapa Nairobi, haijashushwa. Redio ya Japani inasikia mpaka 90 na stesheni zetu zinaanzia 87.5, kwa hivyo redio ikisikia kile kipande kidogo tu cha katikati ina maana eriali iko sawa, redio iko sawa, ila kile kijisanduku hakishushi mawimbi. Na hakishushi kwa sababu hakina stima. Nikafungua ile picha ya simu: kuna waya mmoja mwekundu mwembamba wa kijisanduku unaoingia nyuma ya soketi, na mimi nilikuwa nimeuacha ukining'inia ndani ya dashibodi. Skrubu nne tena, mwiko tena. Nikauchomeka, 86.7 ikaongea, ilikuwa taarifa ya habari ya saa kumi.

Pesa yote iliyotumika: balbu sita 240, rezista sita 30, zile LED na rezista zake ambazo hazikutumika 80, risasi 150, nauli ya matatu mara mbili. Mita na chuma ya kulehemu nilikuwa nazo, kama huna uliza jirani kabla ya kununua. Masaa ni kama saba ukiweka na zile nilizopoteza kwa LED, mtu akienda moja kwa moja atamaliza kwa matatu. Mum akinilinganishia na 11,500 huwa anahesabu kwa magunia ya viazi.

Sasa ni mwezi wa kumi na moja tangu nifunge, na zote mbili bado zinawaka. Balbu nne zilizobaki nilizilehemu mapema na rezista zake, nikazifunga kwa pamba ndani ya kikopo cha dawa, na juu nikaandika kwa kalamu 12V 60mA, rezista 33, waya mwekundu wa FM usisahau. Kikopo kiko kwa kabati ya dashibodi, nyuma ya stakabadhi za kaunti za Marikiti.